Sukari ya akiba mwilini: tangi la ini, madumu ya misuli

Wiki chache zilizopita kundi la WhatsApp la ukoo wetu lilikesha kwa mjadala wa ugali. Binamu yangu ndiye aliyeuanzisha. Alituma picha ya mizani na maneno machache: siku tano bila ugali, wali wala chapati, kilo tatu zimeondoka. Pongezi zikamiminika. Mjomba akaongeza la kwake, kwamba wanga wa mchana hauna neno, wenye madhara ni wa usiku, kwa sababu mtu akishalala unaganda ukawa mafuta. Halafu shangazi, ambaye ana kisukari na si mwandishi sana, akauliza swali lililowanyamazisha wote: "Mimi nimeacha hata chakula cha usiku. Nalala na njaa. Mbona nikijipima asubuhi nakuta tisa nukta nne?"

Alimaanisha milimoli kwa lita, sukari ya juu kwa mtu ambaye hajala. Hakuna aliyemjibu. Swali lile limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona kwamba mambo yote matatu, kilo za binamu, usiku wa mjomba na kipimo cha shangazi, yanatoka mahali pamoja. Ni ile akiba ya wanga ambayo kila mmoja wetu hutembea nayo, inayojaa na kupungua ndani ya saa 24. Tunaizungumzia kana kwamba ni ghala moja. Ni mawili, na tabia zake hazifanani.

Tuanze na maneno yenyewe. Wanga ndicho kitu kilichojaa kwenye ugali, wali, mihogo, viazi, ndizi, mkate na chapati. Ukifika kwenye utumbo hukatwakatwa mpaka ukawa glukosi, sukari nyepesi inayoweza kubebwa na damu. Hiyo ndiyo "sukari" inayopimwa kwa kutoboa kidole. Glukosi ikizidi mahitaji ya wakati ule, mwili huiunganisha upya, moja kwa nyingine, ikawa glaikojeni. Mhogo huweka akiba yake kwenye mzizi kwa umbo la wanga. Sisi huiweka kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni. Ni ndugu wa karibu sana.

Kiasi kilichomo kwenye damu kwa wakati mmoja huwashangaza wengi. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na kabla hajafungua kinywa asubuhi, damu yote hiyo huwa na gramu 4 au 5 tu za glukosi. Kijiko kimoja cha chai. Sasa ubongo peke yake, wenye uzito wa kama asilimia 2 ya mwili, hutumia gramu 120 hivi za glukosi kwa siku, yaani gramu 5 kila saa, umelala au umeamka. Damu ingekuwa ndiyo ghala, mtu angezimia kabla ya kumaliza kipindi kimoja cha taarifa ya habari na mchezo wa kuigiza unaofuata.

Kwa nini basi chembe hai zisijazwe tu glukosi ikakaa humo? Aliyewahi kutengeneza kachumbari anajua. Ukitia chumvi, baada ya dakika chache bakuli lina maji ingawa hukumimina hata tone. Chumvi imeyavuta kutoka kwenye nyanya na vitunguu. Sukari nayo huvuta maji hivyo hivyo, na chembe ya ini iliyoshindiliwa glukosi huru ingevuta maji mpaka ipasuke. Zikifungwa pamoja makumi ya maelfu kuwa punje moja ya glaikojeni, nguvu ile ya kuvuta hupungua sana. Hupungua lakini haiishi: kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Namba hii tutaihitaji tukifika kwa binamu.

Umbo la punje hiyo nalo si la bahati nasibu. Glaikojeni haikupangwa kama uzi wa shanga. Ni kama mkarafuu, matawi juu ya matawi. Msimu wa karafuu ukifika Pemba, mti wenye matawi mengi huchumwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na tawi lake. Vimeng'enya vinavyokata glukosi huanzia kwenye ncha za matawi, na kwa kuwa ncha ni nyingi, sukari hutoka kwa kasi. Pikipiki ikikukosakosa barabarani, ndani ya dakika chache ini limeshamwaga sukari kwenye damu, na wala hujala kitu.

Aliyetufumbua macho ni Mfaransa, Claude Bernard. Wakati wake wasomi wengi waliamini kwamba mimea tu ndiyo inayoweza kutengeneza sukari, na mnyama hana ila kuila. Mwaka 1855 Bernard alichukua ini la mbwa, akalipitisha maji kwenye mishipa yake mpaka maji yaliyotoka hayakuwa na sukari hata chembe. Akaliacha likae. Kesho yake ini lile lile, lisilo na damu wala mwili wa kulilisha, lilikuwa na sukari tele. Ilibidi iwe imetoka humo humo. Mwaka 1857 akafanikiwa kukitenga kitu chenyewe na kukipa jina lenye maana ya kizaa sukari. Mimi huona ni moja ya majaribio mazuri kabisa katika historia ya utabibu, kwa sababu halikuhitaji chochote zaidi ya maji, subira na mtu anayekataa kuamini tu kile anachoambiwa.

Sasa turudi kwenye maghala mawili. Fikiria ua mmoja wa nyumba za kupanga mahali ambapo maji ya bomba hutoka kwa mgao. Nje kuna tangi moja juu ya mnara, linalohudumia wapangaji wote. Maji yakija, tangi hujaa. Yakikatika, ua mzima unaishi kwa tangi hilo. Ndani ya kila chumba kuna madumu ya mpangaji mwenyewe. Huyajaza bomba linapotoka, lakini hakuna siku atakayobeba dumu lake kupanda nalo mnarani kulimimina kwenye tangi ili jirani akoge. Kilichoingia ndani ni chake.

Tangi ndilo ini. Uzito wake ni kilo moja na nusu hivi, na baada ya chakula kizuri cha usiku huweza kubeba kama gramu 100 za glaikojeni kwa ajili ya mwili mzima, ubongo ukiwa mteja wake mkuu. Madumu ni misuli. Ukiijumlisha yote, mtu mzima wa kawaida ana gramu 400 hivi humo, na mwanariadha zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba iko kwenye misuli, lakini ubongo haupati hata kijiko kutoka huko moja kwa moja. Sababu yake inaelezeka: glukosi ikiingia ndani ya chembe hupigwa muhuri unaoizuia kutoka tena. Ini lina kimeng'enya cha kuondoa muhuri huo, misuli haina. Njia ya kuzunguka ipo. Misuli ikifanya kazi ngumu hutoa laktati, mabaki ya glukosi iliyotumika, ini huichukua na kuigeuza tena kuwa glukosi. Mzunguko huo unaitwa kwa jina la Gerty na Carl Cori, mume na mke waliozaliwa Prague na kufanya kazi Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Fundi wa bomba ni kongosho. Ukila, hutoa insulini, inayofungua njia ya kuingia kwenye tangi na madumu. Chakula kikikata, insulini hushuka na glukagoni hupanda, nayo huliambia ini lifungue koki. Misuli haisikilizi glukagoni. Misuli husikiliza kazi.

Tuifuate siku moja, na tuianze inapoanzia siku ya Mswahili, jua likishazama. Ni saa 2 usiku, umekula wali na maharage. Kwenye vipimo vilivyofanywa miaka ya 1990 kwa mashine za sumaku zinazoweza kuiona glaikojeni bila kumchana mtu, ini lilihifadhi kama moja ya tano ya wanga wa mlo mmoja, misuli ikachukua robo na zaidi kidogo, na uliobaki ukatumiwa na mwili. Kilele cha ini hakikufika watu wakiwa bado mezani. Kilifika kiasi cha saa 5 baada ya kula. Maana yake, aliyekula saa 2 usiku, tangi lake hufika ukingoni mnamo saa 7 usiku, mwenyewe akiwa usingizini.

Kuanzia hapo ni kushuka. Ini la mtu wa kilo 60 humwaga kwenye damu kama gramu 7 za glukosi kila saa. Karibu nusu hutoka kwenye glaikojeni, na iliyobaki ini huitengeneza upya kutokana na laktati, mabaki ya mafuta yanayovunjwa, na asidi za amino, vipande vinavyojenga protini za misuli. Alfajiri, kabla hujaamka, homoni za kuuandaa mwili kwa siku mpya, kortisoli mojawapo, hupanda na kuliongezea ini ari ya kutoa sukari. Adhana ya alfajiri ikikukuta umelala, tangi limeshapungua. Na madumu? Karibu yako vile vile ulivyoyaacha ulipopanda kitandani. Usiku mzima misuli iliyopumzika imekuwa ikitumia zaidi mafuta.

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi. Mtu anaamka mnyonge, anasema "nguvu zote zimeisha". Nguvu za miguu yake hazijaisha. Kilichopungua ni akiba ya ini, nayo haijaisha pia. Ingemchukua siku nzima ya kufunga, hata siku na nusu, kulikausha tangi. Njaa ya saa 4 asubuhi pia haitangazi kwamba ghala ni tupu. Homoni ya njaa hupanda kwa kufuata saa ulizozoea kula, ndiyo maana ukizoea chai ya saa 4 tumbo litaidai hata kama ulikula vitumbua saa 1.

Baada ya chai ya asubuhi tangi huanza kupanda tena, hushuka kidogo kuelekea mchana, hupanda baada ya chakula cha mchana, na hivyo hivyo kwa ngazi mpaka usiku. Kwa mtu anayekula mara tatu, ini huwa tajiri zaidi usiku na maskini zaidi asubuhi. Misuli ina ratiba nyingine kabisa. Mtunza duka aliyekaa kutwa nyuma ya kaunta hufunga duka madumu yake yakiwa yamejaa. Mpagazi wa Kariakoo aliyebeba magunia tangu alfajiri amekausha mapaja na mgongo.

Na hata ndani ya mwili mmoja, kila msuli una dumu lake. Hili lilithibitishwa Sweden mwaka 1966 na madaktari wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, waliojifanya wenyewe kuwa watu wa majaribio. Walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akipiga pedali kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa, mguu wa pili ukipumzika. Kisha wakala wanga kwa wingi siku kadhaa, na kila siku wakachukua kipande kidogo cha msuli kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulijaa mpaka ukaupita uliopumzika kwa karibu mara mbili. Damu ni ile ile, chakula ni kile kile, lakini mguu uliotumika ndio uliopokea zaidi.

Wakimbiaji wa Iten wanaishi ndani ya ukweli huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuata wakimbiaji mahiri wa Kenya kwa siku saba na kupima kila walichokula. Kiasi cha robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, ugali ukiongoza, na chai ya maziwa yenye sukari ikisaidia. Mbio za asubuhi wengi wao huzianza kabla ya chai. Anayefikiria ghala moja huona huo ni wazimu. Anayejua maghala mawili anaelewa: ini limepungua usiku, lakini miguu bado ina ugali wa jana. Kwenye marathoni ya kilomita 42.195 hesabu hubadilika. Mkimbiaji wa kilo 60 hutumia takriban kalori 2,500, na akiba yake yote ya glaikojeni ni kama 2,000. Mafuta husaidia, lakini hayachomeki kwa kasi ya kutosha kwa mwendo ule. Ndiyo sababu wengi hulegea miguu baada ya kilomita 30, na ndiyo sababu mabingwa hunywa maji yenye wanga njiani. Dumu lililokauka kabisa huhitaji siku nzima ya kula vizuri kujaa tena.

Haya, binamu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Kilo tatu ni zaidi ya 23,000. Mtu wa kimo chake hutumia kama 2,000 kwa siku, kwa hiyo hata angefunga mdomo kabisa kwa siku tano asingefika hata nusu. Kilichoondoka ni kingine. Alipokata wanga, mwili ulitumia glaikojeni bila kuirudisha. Tuseme zilipungua gramu 400. Na maji yake gramu 1,200. Tayari ni zaidi ya kilo moja na nusu. Insulini iliposhuka, figo zikaachia chumvi na maji zaidi, na tumbo lenyewe likawa na mzigo mdogo. Mafuta yalikuwemo kwenye hesabu, pengine nusu kilo. Simwambii aache anachokifanya, maana nusu kilo ya mafuta kwa siku tano si haba. Ninachomwomba asivunjike moyo wiki ya tatu mizani ikikataa kusogea, wala asidhani amenenepa kilo mbili kwa sababu ya pilau ya harusi moja. Kilo zile ni madumu yamejaa tena, pamoja na maji yake.

Mjomba naye ana kipande cha ukweli mkononi, ila amekishika upande usio wake. Ugali wa usiku haugandi ukawa mafuta kwa sababu umelala. Kwanza unajaza tangi ambalo litakulisha mpaka asubuhi, kisha madumu, na mwili huongeza kuchoma wanga na kupunguza kuchoma mafuta. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1988, vijana wachache walilishwa wanga kupita kiasi kwa siku saba mfululizo. Miili yao iliongeza kama nusu kilo ya glaikojeni kabla wanga wenyewe haujaanza kugeuka mafuta kwa kiasi cha maana. Mtu hanenepi kwa sahani moja ya saa 3 usiku. Hunenepa kwa kula zaidi ya anachotumia, siku nyingi, na mafuta yaliyokuja na wanga huo, ya chipsi, ya sambusa, ya chapati, ndiyo huwekwa yakiwa tayari mafuta, hayahitaji kugeuzwa. Kipande cha ukweli cha mjomba ni hiki: insulini hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, kwa hiyo sahani ile ile hupandisha sukari ya damu juu zaidi ikiliwa usiku. Kwa mwenye kisukari, hilo si jambo dogo.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hii hugeuzwa, na ni nafasi nzuri ya kuitazama. Karibu na ikweta, kuanzia alfajiri hadi magharibi ni kama saa 13 na nusu. Aliyekula daku saa 10 alfajiri, ini lake huwa limejaa kufikia saa 3 asubuhi, kisha linashuka polepole mchana wote. Ikifika alasiri tangi liko chini, ini linatengeneza sehemu kubwa ya sukari lenyewe, na viungo vingi vimehamia kwenye mafuta ili kuuachia ubongo glukosi. Vijana wanaocheza mpira ufukweni saa 11 jioni wanaweza kwa sababu madumu ya miguu hayakuguswa sana. Wale wanaoonya kwamba ukifunga mchana mmoja mwili unaanza kula misuli wanatisha watu bure. Asidi chache za amino zinazotumika hurudishwa kwenye futari. Na tende inayotangulia? Sukari yake ni mchanganyiko wa glukosi na ile sukari ya matunda, fruktosi. Glukosi huingia kwenye damu mara moja, na fruktosi kwa sehemu kubwa hushikwa na ini, ambalo ndilo ghala lililopungua. Wazee walioanza kufuturu kwa tende hawakuwa na mashine za sumaku.

Wapo ambao tangi tupu kwao ni hatari ya kweli. Mtoto mchanga hupata akiba yake ya ini hasa katika miezi ya mwisho ya mimba, hivyo aliyezaliwa njiti huja na tangi karibu tupu, na hata aliyetimiza siku zake hana cha kukaa nacho muda mrefu. Ni sababu mojawapo ya kusisitiza mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Mtoto wa miaka miwili ana ini dogo na ubongo mkubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Akiugua malaria kali na kukataa chakula kutwa, sukari inaweza kuporomoka, akalegea, akapata degedege, na nyumbani wakasema ni homa tu. Huyo hasubiriwi mpaka asubuhi; hupelekwa hospitali usiku huo huo, na sukari kwenye damu ni kati ya vitu vya kwanza vinavyopaswa kupimwa. Mnywaji asiyekula yuko kwenye hatari inayofanana na hiyo: pombe hulizuia ini kutengeneza glukosi mpya, na tangi likiwa limekwisha, hakuna kilichobaki. Majirani humwona amelala kwa ulevi. Wakati mwingine ni sukari imeshuka.

Nimemwacha shangazi mwisho kwa sababu swali lake ndilo zito kuliko yote. Tisa nukta nne ya asubuhi haikutoka kwenye chakula, kwa sababu hakula. Imetoka kwenye ini lake. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini kidogo inayotoka usiku inatosha kuliambia ini "polepole". Kwenye kisukari cha aina ya pili ini halisikii vizuri sauti hiyo. Linaendelea kumwaga, na zaidi ya kumwaga, linaendelea kutengeneza glukosi mpya usiku kucha, damu ikiwa tayari imejaa. Homoni za alfajiri zikipanda, ini huongeza tena. Kulala na njaa hakulizuii, kwa kuwa malighafi yake hayako kwenye sahani ya usiku ule, yamo mwilini. Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi hupewa, kazi yake kubwa ni kulipunguza ini kasi hiyo.

Kwa hiyo kipimo cha juu cha asubuhi si ushahidi kwamba mgonjwa amedokoa usiku. Nasema hili kwa uchungu, maana shangazi alinisimulia baadaye kwamba nyumbani walikuwa wameanza kumtania kuhusu mikate inayopungua kabatini, na kwamba alikuwa ameacha kuwaambia namba zake. Na kuacha kula usiku huku anaendelea na vidonge vyake kulikuwa na hatari ya pili ambayo hakuna aliyemwonya. Baadhi ya dawa za kisukari, na insulini zaidi, hushusha sukari hata kama hujala, na mtu anaweza kushuka sana akiwa usingizini. Anayetaka kubadilisha saa za kula, au kufunga, azungumze kwanza na daktari wake kuhusu dozi na wakati wa kuinywa.

Nilimweleza kwa simu, taratibu, kwa mfano wa tangi na madumu, na alipofika kwenye koki isiyosikia fundi akacheka: "Kumbe linavuja lenyewe." Amerudi kula chakula cha usiku, kidogo na mapema. Daftari lake la vipimo sasa lina safu mbili, moja ya kabla ya kulala na moja ya alfajiri, na ndilo alilokwenda nalo kliniki mwezi huu.